Mtunzi aliyekulia kwenye maji na mawe: majibu kuhusu Tan Dun

Tangu nilipoandika juu ya Crouching Tiger, Hidden Dragon, filamu ya Kichina ya mapigano, maswali mengi yanayoingia hayahusu panga wala wale watu wanaopaa juu ya mianzi. Yanahusu muziki. Nimefurahi mno, kwa kuwa aliyeutunga, Tan Dun, ni mtunzi wa filamu ninayempenda kuliko wote.

Tumwite Tan au Dun? Na kwao ni wapi?

Mwiteni Tan. Wachina hutanguliza jina la ukoo. Alizaliwa Agosti 1957 katika kijiji kilicho karibu na Changsha, jimbo la Hunan, akalelewa na bibi yake. Kijijini hapo mganga ndiye aliyeongoza mazishi na matambiko, na watu walipiga muziki kwa kile walichokuwa nacho: maji, mawe, karatasi. Mkilishika hilo, mengine yote katika kazi yake yatawafungukia.

Eti aliwahi kulima mpunga. Mkulima akawaje mtunzi?

Alilima kweli, ila si kwa kupenda. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, kampeni ya kisiasa ya Mao Zedong, kiongozi wa China, iliyoanza mwaka 1966, vijana wengi wa shule walipelekwa mashambani, na yeye akapelekwa kupanda mpunga. Huko huko akawakusanya wanakijiji wakawa wanapiga pamoja, wenye ala na ala, wasio nazo na masufuria ya jikoni.

Kisha mashua iliyobeba kundi la opera ya Peking, yaani maigizo ya Kichina ya kuimbwa, ikapinduka, na baadhi ya wasanii wakafa maji. Nafasi zikabaki wazi. Tan akaitwa kupiga fidla na kupanga nyimbo za kundi hilo. Sehemu hii hunihuzunisha kila ninapoisimulia, kwani mlango wake ulifunguliwa na msiba wa wenzake.

Vyuo vilipofunguliwa tena baada ya Mapinduzi, aliingia Chuo Kikuu cha Muziki cha Beijing. Alikuwa anakaribia miaka 20 ndipo akaanza kuusikia muziki wa Beethoven! Mwaka 1983 utunzi wake wa ala nne za nyuzi (fidla mbili, viola na chelo) ulipata tuzo Dresden, Ujerumani, lakini nyumbani ukaitwa uchafuzi wa kiroho, yaani sumu ya mawazo ya kigeni, na kazi zake zikapigwa marufuku kwa miezi kadhaa. Mwaka 1986 akaenda New York kusoma Chuo Kikuu cha Columbia, na huko alipiga fidla barabarani ili apate fedha za kujikimu.

Katika filamu ile kuna kitu kinalia kama zeze. Ni nini hasa?

Umesikia vizuri. Ni erhu, ala ya nyuzi mbili yenye kisanduku kidogo kilichowambwa ngozi ya chatu. Kama zeze la Wagogo, hupigwa kwa upinde, ila upinde wa erhu umenaswa katikati ya nyuzi zake mbili na hautoki.

Lakini sikiliza tena, maana mara nyingi unachodhani ni erhu ni chelo, ile fidla kubwa ya sauti nzito inayopigwa mtu akiwa ameketi, mikononi mwa mpigaji Yo-Yo Ma. Tan aliiandikia chelo ile, ala ya Ulaya, iimbe kwa lafudhi ya Kichina: sauti haziruki kutoka moja hadi nyingine, zinateleza, kama mtu anayelia huku akijizuia. Okestra nzima ipo nyuma, lakini huzuni yote imewekwa kwenye uzi mmoja.

Halafu ipo ile mbio ya usiku juu ya mapaa, mwigizaji Michelle Yeoh akimfukuza mwenzake Zhang Ziyi. Hapo chelo inanyamaza. Zinabaki ngoma peke yake, zikianza kwa kunong'ona kisha zikaongeza mwendo pamoja na miguu, hata huwezi kujua kama ngoma zinawafuata wapiganaji au wapiganaji wanazifuata ngoma. Mtunzi mwenye hofu angejaza fidla pale. Mtoto wa matambiko alijua kwamba ngoma inatosha.

Ana Oscar ngapi?

Moja, ya mwaka 2001, kwa filamu hiyo hiyo. Filamu yenyewe iliondoka na nne usiku ule.

Aliendelea na filamu baada ya hapo?

Aliendelea. Katika muziki wa Hero, filamu iliyoongozwa na Zhang Yimou na kutoka mwaka 2002, fidla ilipigwa na Itzhak Perlman, na ngoma na kundi la Kodo la Japani. Muziki wa The Banquet, filamu ya mwaka 2006, una piano ya Lang Lang. Chelo, fidla, piano: Tan huzihesabu filamu hizi tatu kuwa kazi moja.

Ila msimfunge kwenye sinema. Hong Kong iliporudishwa China mwaka 1997, alitunga simfoni yenye kengele za shaba za kale. Ni za seti ya kengele 65 iliyofukuliwa mwaka 1978 katika kaburi la mtawala mmoja huko Hubei, China, na ina umri wa zaidi ya miaka 2,400. Kila kengele hutoa sauti mbili, kutegemea umeigonga katikati au ubavuni.

Binti yangu anajifunza fidla. Aanze kusikiliza kipi cha Tan Dun?

Fidla isubiri kidogo. Mtafutie video ya tamasha lake la maji, Water Concerto. Mbele ya okestra huwekwa mabakuli makubwa yanayopitisha mwanga, yamejaa maji, na mpigaji huyachota, huyapiga kwa viganja, huelesha vibuyu juu yake na kuvigonga. Sikilizeni hasa anapoutumbukiza upatu majini baada ya kuugonga: sauti inapinda na kushuka. Mkimaliza, mpe beseni la maji na kifuniko cha sufuria ajaribu mwenyewe.