Buabua wa Sabaki: mbona hawapigani?

SWALI: Mzee wa Darubini, habari za kazi? Januari tulikwenda Malindi kwa harusi, na kesho yake shemeji akatupeleka mlango wa mto Sabaki. Mchanga wote ulikuwa ndege. Shemeji akasema hao ni membe tu, basi. Lakini mwanangu wa gredi ya sita aliona wengine wana mdomo wa manjano, wengine wa rangi ya chungwa, na kuna vidogo vyenye mdomo mweusi. Kama ni ndugu na wote wanakula samaki, mbona hawapigani? Na wakati hawana makinda huwa wanaishi wapi? – Mama Neema, Kayole

JIBU: Mama Neema, kwanza mnunulie huyo mtoto soda, nitalipa mimi. Darubini yangu ya kwanza, niliyouziwa hapa mjini nikiapiwa kuwa ni mpya, iliingia ukungu ndani papo hapo Sabaki, nikabaki kutofautisha ndege kwa rangi za midomo kama alivyofanya yeye. Hao ni buabua. Wa manjano ndiye mkubwa, karibu nusu mita kutoka mdomo hadi mkia. Wa chungwa anamfuata. Vile vidogo, sentimita 23 hivi, ni buabua wa Saunders.

Swali lako la pili umelijibu mwenyewe bila kujua. Wale wa chungwa na wale wadogo hawatagi hapa kwetu. Hulea makinda yao kaskazini, upande wa Bahari ya Shamu na Bara Arabu, kisha hushuka kwetu. Mliwakuta likizoni.

Kuhusu kupigana: kulala pamoja si kula pamoja. Mchangani wamebanana, lakini asubuhi wadogo hubaki kwenye maji ya kina kifupi, wanapepesa mbawa mahali pamoja kisha pwaa! wanaibuka na kisamaki cha urefu wa njiti ya kiberiti. Yule mkubwa hana haja na njiti. Huenda mbali zaidi, akatafuta samaki wa kumjaza mdomo. Nje kabisa, kwenye bahari kuu, yuko ndugu yao mwingine mwenye mgongo mweusi, anayetaga Ushelisheli kwa malaki. Huyo hakai juu ya maji, manyoya yake hulowa upesi, kwa hiyo huzunguka hewani akisubiri jodari wawasukume dagaa juu. Wavuvi wa pwani wakiona kundi lake huelekeza chombo huko huko.

Msimu wa kutaga mambo hubadilika, na hapo ndipo ninapopapenda. Fikiria ploti ya Kayole yenye bomba moja: kila mtu anapanga foleni hapo hapo kwa sababu nyumba iko hapo. Ndege mwenye kinda ni hivyo hivyo, hawezi kwenda mbali, lazima arudi kulisha. Kinda likiruka, ni kama Desemba: huyu kaenda ushago Kisumu, yule Kitui.

Mfano mzuri ni albatrosi, ndege wakubwa wa baharini, wa kisiwa cha South Georgia, kusini mwa Atlantiki. Kuna mwenye nyusi nyeusi na mwenye kichwa cha kijivu, majirani wa mlima mmoja. Wakimaliza kulea, wengi wa nyusi nyeusi huvuka hadi bahari ya Afrika Kusini na Namibia. Wa kijivu hufuata pepo za bahari za kusini, na baadhi huizunguka dunia nzima. Mmoja alimaliza mzunguko kwa siku 46! Kwa hiyo hatari zao pia hazifanani: ndoana za meli za uvuvi za eneo moja zinaweza kumaliza jamaa wa aina moja, na jirani yake asiguswe.

Tumejuaje? Hufungwa mguuni kifaa chepesi mno kinachorekodi mwanga tu. Saa ya jua kuchomoza na kutua inaonyesha ndege yuko mashariki au magharibi kiasi gani, na urefu wa mchana unaonyesha yuko kusini au kaskazini kiasi gani. Karibu na Machi 21 na Septemba 23 hesabu hiyo ya pili huvurugika, maana mchana huwa sawa karibu dunia nzima. Sisi wa Nairobi, ambao jua letu huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, tungekisumbua kifaa hicho vibaya sana.

Lakini usimwambie mtoto kwamba mipaka ni ukuta. Dagaa wakijaa mahali pamoja, utawaona wakubwa na wadogo wakichanganyika, na mmoja kumnyang'anya mwenziwe samaki mdomoni si ajabu. Mkirudi Malindi nendeni jioni, wanaporejea kulala. Ahesabu midomo kwa rangi, kisha aniandikie yeye mwenyewe.