Je, mnavu ni ndugu wa sumu ya Ulaya?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu anayesoma Ujerumani ameniambia kuwa kule kuna mmea wa jamii ya mnavu ambao tunda lake huua, ingawa zamani waganga waliutumia kama dawa. Je, mnavu ninaoupika ni salama? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Mmea huo ni beladona, ambao kitaalamu huitwa Atropa belladonna. Uko katika jamii moja na mnavu, nyanya na bilinganya, lakini si mnavu. Tunda lake jeusi, linalong'aa na lenye utamu kidogo, hukaa peke yake juu ya vijani vitano vilivyotanda, ilhali matunda ya mnavu ni madogo na hushikana katika vishada. Utamu huo umewaponza wengi. Mwaka 1597 Mwingereza John Gerard, mtaalamu wa mitishamba, aliandika habari za wavulana watatu wa Wisbech, Uingereza, waliokula matunda ya beladona: wawili walikufa kabla ya muda wa saa 8 kupita, na wa tatu aliponea baada ya kunyweshwa maji ya asali na kutapika.

Hata hivyo waganga hawakuuacha, kwa kuwa ulituliza msokoto wa tumbo na maumivu ya mgongo. Tatizo lilikuwa kipimo, maana kiasi cha sumu hubadilika kutoka mmea hadi mmea na kutoka jani hadi mzizi, hivyo hakuna mganga, hata awe hodari vipi, aliyeweza kujua ameweka kiasi gani kikombeni. Ni pale wakemia wa Ujerumani walipoitenga atropini, yaani sumu yenyewe iliyomo katika beladona, katika miaka ya 1830, ndipo dozi ilipoweza kupimwa kwa usahihi. Leo atropini hutumika hospitalini kuharakisha moyo unaopiga polepole mno, na kumwokoa mkulima aliyedhurika kwa baadhi ya viuatilifu, ambavyo humjaza mate na makohozi hadi ashindwe kupumua. Dawa hiyohiyo ikizidi hukausha kinywa, hutanua mboni, huupiga moyo mbio na kumfanya mtu aweweseke.

Mnavu wako upike bila wasiwasi, ila matunda yake mabichi ya kijani usiyale. Wa kuogopwa hapa kwetu ni mnanaha, wenye maua ya tarumbeta na matunda ya miiba, unaoota majalalani na katikati ya mahindi, kwani una atropini pia. Mbegu zake zikichanganyika na nafaka hazionekani kwa urahisi. Mwaka 2019, huko Karamoja nchini Uganda, watu walikufa baada ya kula unga wa msaada uliochafuliwa na sumu za aina hiyo. Mtu akila mnanaha, mwahisheni hospitali, mkichukua na tawi la mmea wenyewe ili daktari aone alichokula.