Mgonjwa wa sukari akianza kuweweseka: umpe kitamu au umnyime?

Mkuu, umeuliza kama mgonjwa wa kisukari akibadilika ghafla apewe kitu kitamu, wakati sukari ndiyo anayokatazwa kila siku. Mpe. Nasi tulibabaika hapo hapo, nusura tumpoteze mzee.

Ilikuwa msibani. Alfajiri alimeza Daonil yake, kidonge cha kushusha sukari, akapanda gari, akitegemea atakula huko. Saa nane mchana chakula bado. Mzee, mtu mpole siku zote, akaanza kufoka. Mara maneno hayaeleweki, shati limelowa jasho, mikono inatetemeka. Wengine wakasema ni majonzi, wengine wakanong'ona kalewa. Binamu akaja mbio na maandazi. Maandazi hapo hayafai, mafuta yake yanachelewesha sukari kuingia kwenye damu.

Akiwa anakusikia na anameza, mkorogee vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, au mpe nusu chupa ya soda ya kawaida (zile zisizo na sukari hazisaidii kitu). Subiri dakika 15, mpime. Ikiwa bado chini ya 4, au 70 kwa mashine zinazosoma mamia, rudia. Akishazinduka ndipo ale uji, mkate, chochote cha kukaa tumboni. Huna mashine? Usipoteze muda kuitafuta. Ikija kuonekana sukari ilikuwa juu, vijiko hivyo havitaongeza madhara makubwa. Ikiwa ilishuka nawe ukamnyima, anaweza kupata degedege hata kufa.

Sisi tulichelewa. Alipolegea, shangazi akammiminia maji ya sukari mdomoni, akapaliwa vibaya sana. Hilo usifanye kamwe! Aliyezimia usimnyweshe wala kumlisha: mlaze kwa ubavu, angalia kama anapumua, gari litafutwe. Na insulini usimchome.

Hospitali walipima ikasoma 1.9, wakamchoma glukosi kwenye mshipa. Dakika chache tu, akauliza viatu vyake viko wapi.

Tukataka kuondoka naye. Daktari akakataa, na usiku ule ikashuka tena, maana Daonil hukaa mwilini muda mrefu. Siku hizi mzee ana pakiti ya glukosi ya unga mfukoni, na kidonge hamezi mpaka aione sahani mezani. Mama anamtania kwamba hata harusini anauliza chakula kabla ya bwana harusi.