Mpira kwa vijana wanaolala sokoni Mwanjelwa

Dada yangu, umeuliza kama timu ya mpira inaweza kuwasaidia vijana wanaolala vibarazani pale Mwanjelwa, au utapoteza muda. Inaweza, ila usianze na jezi. Anza na saa. Chagua siku mbili kwa wiki, uwanja ule ule, muda ule ule, na usikose. Vijana hawa wameshaahidiwa mengi na watu waliopiga nao picha wakaondoka. Ukikosa Jumanne ya pili tu, wameshakuweka kundi hilo.

Baada ya zoezi pawe na uji wa moto. Baridi ya Mbeya mwezi wa sita na wa saba unaijua, na aliyelala juu ya boksi hana nguvu za kukimbia.

Huhitaji wachezaji 11. Kombe la Dunia la Wasio na Makazi, lililoanza Graz, Austria, mwaka 2003, huchezwa wanne kwa wanne, dakika 7 kila kipindi. Hapo kila mtu anaugusa mpira, na mnyonge hasahauliki pembeni.

Akija mmoja amenusa gundi, usimfukuze. Mkalishe, anywe uji, acheze siku nyingine.

Afisa ustawi wa jamii mjulishe mapema, hasa kwa walio chini ya miaka 18. Atakusaidia kutafuta ndugu zao. Na ukipata fundi wa gereji au seremala aliye tayari kumfunza mmoja kazi, usimpelekee mfungaji bora. Mpelekee yule asiyekosa zoezi.