Makofi au piano?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kwaya yetu inaandaa tamasha la nyimbo za kiroho za Wamarekani Weusi. Dada mmoja ataimba “Deep River” (yaani “Mto Wenye Kina”) peke yake kwa piano, ila nusu ya kwaya inasema piano imeua asili, bora wote tupige makofi na kuyumba. Halafu kuna anayetaka mashairi. Tufanyeje?
Mwimba alto

JIBU: Marahaba. Mwacheni dada aimbe. Aliyeupangia wimbo huo sehemu ya piano, Harry T. Burleigh, hakuwa mgeni. Alizaliwa Erie, Pennsylvania, mwaka 1866, na nyimbo hizo alizipata kwa babu yake, Hamilton Waters, mtumwa aliyejinunulia uhuru. Mzee alikuwa haoni, na kazi yake ilikuwa kuwasha taa za mitaani. Jioni mjukuu alimwongoza taa hadi taa, mzee akiimba. Burleigh alipokuja kusoma muziki New York, ndizo alizomwimbia Dvořák, mtunzi wa muziki kutoka Bohemia.

Makofi na kuyumba Burleigh mwenyewe alivipinga, akaandika hivyo katika utangulizi wa nota zake mwaka 1917. Enzi hizo Wazungu walijipaka masizi usoni na kuwaigiza Weusi jukwaani ili watu wacheke, naye hakutaka nyimbo za babu yake ziingizwe kwenye mzaha huo. Kwa kwaya nzima naona alikaza kamba mno, maana watumwa walipiga makofi na miguu kweli. Lakini “Deep River” unakwenda polepole, kila sauti inavutwa. Makofi mtayaweka wapi?

Mashairi yaingizeni, ila si mwanzoni kama hotuba ya mgeni rasmi. Dada akimaliza tu, mtu asome lile shairi la Langston Hughes, mshairi Mmarekani Mweusi, kuhusu mito, lililochapishwa 1921. Anayesema humo ameoga Frati, akajenga kibanda kando ya Kongo, mto ukambembeleza akalala. Kisha uimbwe wimbo ambao Margaret Bonds, mtunzi wa muziki Mmarekani Mweusi, aliutunga kwa maneno hayohayo. Bonds alilikuta shairi hilo maktaba, akisoma Chuo Kikuu cha Northwestern, ambako mwanafunzi mweusi aliruhusiwa darasani lakini si bwenini, likampa moyo.

Piano ya Bonds si ya kubahatisha. Kama mpigaji wenu hajaiva, someni shairi tu, halafu kwaya yote iingie na wimbo wa mwendo wa haraka. Huo upigieni makofi mpaka mchoke.