Gari ya rimoti inalia "krrr" ukiipa mwendo: anza na meno ya gia

Ndugu, umesema gari yako ya 1/10 (moja ya kumi ya ukubwa wa gari halisi) ukiisukuma kwa mkono iko kimya, ukibonyeza mwendo inalia krrr, na kwamba umeshapaka grisi bila nafuu. Hiyo grisi kwenye gia za nje ifute yote. Kwa mchanga wetu wa Malindi, grisi iliyo wazi inageuka msasa na kula meno.

Sasa tenganisha kelele. Chomoa betri, legeza skrubu mbili za mota, uisogeze hadi pinioni (gia ndogo iliyo kwenye mota) isiguse gia kubwa. Zungusha matairi kwa mkono. Ukisikia mkwaruzo, ubovu uko kwenye beringi, difu (gia zinazogawa nguvu kwa matairi mawili) au shafti. Pakiwa kimya, rudisha betri uizungushe mota polepole kwa sekunde mbili tu. Ikilia peke yake, ifungue: vile vipunje vyeusi vya ufuoni hushikwa na sumaku, vikabaki vinakwaruza ndani. Zote zikiwa kimya, basi ni meno, na kwa dalili zako ndipo ninapopashuku zaidi.

Kata ukanda wa karatasi ya daftari, uweke katikati ya pinioni na gia kubwa, sukuma mota ikaze, funga skrubu, kisha zungusha karatasi itoke. Ikitoka na mikunjo bila kuchanika, umepatia. Baadaye shika pinioni isizunguke, utikise gia kubwa kwa kidole: lazima isikike tik ndogo sana. Rudia sehemu nne za gia hiyo, maana plastiki haiwi duara kamili. Pale inapobana zaidi ndipo pa kupimia. Ikibana mno hulia wii na mota hupata moto. Ikilegea hulia krrr kama yako, halafu hunyoa meno.

Skrubu za mota zinazoingia kwenye chuma zitie gundi ya bluu ya skrubu, tone moja. Zikilegea, mota inarudi nyuma kila ukiongeza mwendo, na kwa mkono hutagundua kitu.

Kama ulibadilisha pinioni karibuni, angalia saizi ya meno, inayoandikwa kwa pichi au modi. Pichi 32 na modi 0.8 zinakaribiana, zinaelewana. Pichi 48 na modi 0.6 zinafanana kwa macho tu. Zikiunganishwa, hakuna marekebisho yatakayozinyamazisha.

Meno yakiwa sawa na bado gia zinaruka gari ikibeba uzito, fungua difu. Shika tairi moja na gia kubwa, zungusha tairi la pili kwa nguvu: ukisikia tak tak, meno ya difu yameliwa au yameachana, na huenda yanahitaji washa (pete bapa ya chuma) nyembamba. Mlio unaokuja kwenye kona peke yake mara nyingi ni wa viungo vya shafti za mbele.

Beringi ni suala la chumvi. Itoe, izungushe kidoleni. Yenye kutu hukwama kwama. Gari nyingi za 1/10 hutumia milimita 5 kwa 11 kwa 4 (tundu, upana wa nje, unene), ila pima kabla ya kununua. Chukua zenye kifuniko cha mpira pande zote mbili. Za kifuniko cha chuma huingiza mchanga. WD-40 inafukuza maji, haikai kama mafuta, kwa hiyo ukishaipulizia malizia na tone la mafuta ya cherehani. Na ukitoka ufuoni, piga brashi kavu kwanza ndipo upanguse kwa kitambaa chenye maji baridi. Ukianza na maji unausukuma mchanga ndani ya beringi.