Umetuma, Lakini Nani Kapokea? Maswali na Majibu ya MQTT na Redis

Barua za safari hii zinahusu MQTT, ambamo vifaa hutumiana ujumbe kupitia programu ya katikati iitwayo broka, na Redis, hifadhidata ya kwenye kumbukumbu ambayo pia hurusha ujumbe. Zote zinafanana: mtu karusha ujumbe, programu haikulalamika, naye akaamini umefika. Nimechagua hizi. Nyingine zilikuwa marudio ya hizihizi, na wenyewe watajijua.

Shikamoo mwalimu. Natumia Redis kupeleka oda kutoka tovuti ya mgahawa hadi jikoni. Kuna nyakati amri ya kutuma, PUBLISH, inanirudishia 0, oda haionekani, na hakuna kosa lolote. Redis imeharibika?

Marahaba. Redis ni nzima. Hiyo 0 ni idadi ya waliokuwa wakisikiliza chaneli wakati ule. Hakukuwa na mtu, ujumbe ukapotea hapohapo, kwa sababu Pub/Sub ya Redis, yaani kurusha ujumbe kwa wanaosikiliza, haihifadhi kitu. Oda ya mteja aliyekwisha kulipa haina kazi huko. Iweke kwenye Streams, ambazo huhifadhi ujumbe na zipo tangu Redis 5.0, na jikoni wakirudi hewani wataikuta. Kama una klasta, yaani Redis kadhaa (nodi) zinazofanya kazi pamoja, usiiamini hata hiyo namba: inahesabu wasikilizaji wa nodi moja tu, ile iliyopokea amri yako.

Mkuu, nina vipimajoto kwenye mabanda ya kuku, vinatuma kwa MQTT. Broka iko kwenye seva ya kukodi, kompyuta ya kupokelea iko ofisini na huzimwa usiku. Asubuhi taarifa za usiku hazipo. Nimeweka QoS 1, ile ya ujumbe kufika angalau mara moja, kama ulivyosema, lakini wapi!

Sikusema hivyo. Nilisema QoS 1 pande zote mbili, na nikaongeza mambo ambayo hukuyasoma.

Broka hupeleka ujumbe kwa kiwango cha QoS kilicho cha chini kati ya viwili: alichotumia mtumaji, na alichoomba msikilizaji alipojiandikisha. Kwenye mistari uliyonitumia, bodi zako zinatumia maktaba ya PubSubClient. Maktaba hiyo inajiandikisha kwa 0 au 1, lakini kutuma inatuma kwa 0 tu, yaani bila uthibitisho. Kwa hiyo hiyo QoS 1 yako iko ofisini peke yake, bandani haipo. Badilisha maktaba. Ukikataa kubadilisha, basi walau jua kwamba ina kikomo cha baiti 256 kwa pakiti usipokiongeza kwa setBufferSize, na ukizidisha, publish inarudisha false ambayo najua huisomi.

Kisha kompyuta ya ofisini iwe na clientId (jina lake kwa broka) isiyobadilika na clean_session iwe false, yaani isianze kikao upya kila inapounganishwa, vinginevyo broka inaisahau mara tu inapoondoka. Kwenye MQTT 5 kuna mtego wa ziada: usipotaja muda wa kuisha kwa kikao, kikao kinakufa pale unapokatika, hata kama hukuomba kuanza upya.

Halafu kuna broka yenyewe. Mosquitto, moja ya programu za broka, ukiichukua ilivyo, haiandiki foleni kwenye diski. Washa persistence, mpangilio wa kuiandika. Hata ukiiwasha, inaandika inapozimwa vizuri na kila baada ya sekunde 1800, yaani nusu saa. Umeme ukikatika dakika ya 29, hizo dakika 29 umezipoteza. Punguza autosave_interval. Foleni ya msikilizaji asiyekuwepo nayo ina mwisho, kwa kawaida ujumbe 1000. Vipimajoto 10 vinavyotuma kila dakika vitaijaza kabla ya saa mbili kwisha.

MQTT ilibuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper kwa ajili ya mabomba ya mafuta yaliyokuwa yakiripoti kwa setilaiti, ndiyo maana kichwa cha pakiti kinaweza kuwa baiti 2 tu. Ni nyepesi, haimalizi bando. Lakini si ghala. Taarifa unayoihitaji kesho, kipimajoto chenyewe kiiweke kwanza kwenye kadi ya kumbukumbu, ndipo kiitume.

Vifaa vyangu viwili vinapokezana kukatika kila sekunde chache. Mtandao wa simu ni mbovu?

Umenakili programu ileile kwenye bodi mbili bila kubadilisha clientId. Broka ikiona jina hilo linaingia tena, inamtoa wa kwanza; naye anarudi, anamtoa wa pili. Swali hili naletewa kila mara, na kila mara mtandao wa simu ndio unaotukanwa kwanza.

Kaka, nimetengeneza mfumo wa kuwasha pampu ya kisima kwa simu. Umeme ukikatika na kurudi, pampu inajiwasha yenyewe. Juzi tangi limefurika mpaka maji yakaingia kwa jirani.

Mpe jirani pole, halafu fungua mipangilio ya programu ya simu. Ulituma WASHA kwenye mada ya amri, yaani anwani ambayo bodi inasikiliza, huku umeweka alama ya retain. Broka hutunza ujumbe wa mwisho wenye alama hiyo na kumkabidhi kila anayejiandikisha. Umeme uliporudi, bodi ikaunganishwa, ikajiandikisha, ikapewa amri ya juzi kana kwamba umebonyeza sasa hivi.

Retain ni ya hali: maji yamefika wapi, pampu inazunguka au imesimama. Amri haibakizwi. Kuifuta, tuma ujumbe mtupu kwenye mada ileile ukiwa na retain; kwa mosquitto_pub ni -r -n. Kisha zima kile kitufe cha retain kwenye programu ya simu, maana wengi hukiwasha wakati wa majaribio wakakisahau.

Usidhani umemaliza. Kikao chenye foleni nacho kinaweza kuleta WASHA ya saa nne zilizopita. MQTT 5 inakuruhusu kuupa ujumbe muda wa kuisha. Amri ya pampu mimi ningeipa sekunde 30. Na juu ya yote, weka floti ndani ya tangi, iungwe kwa waya, ikate umeme wa pampu bila kumuuliza mtu. Kazi ya kuzuia mafuriko usiiachie intaneti.

Nimepandisha Mosquitto hadi toleo la 2, vifaa vyote vikakataliwa. Nikapata mistari miwili mtandaoni, listener 1883 na allow_anonymous true, sasa kila kitu kinakwenda. Tunasoma mita za maji za wateja, na ndani yake mna namba zao za simu. Nashukuru tu.

Hukuuliza, lakini utajibiwa. Tangu toleo la 2.0, Mosquitto isiyo na maelekezo husikiliza mashine yake tu, na ukifungua mlango wa nje inadai nywila. Walikuwa wanakulinda. Wewe umeondoa komeo, na yeyote anayeijua anwani ya seva anaweza kujiandikisha kwenye #, yaani mada zote, akasoma mita za mtaa mzima, au akatuma zake za uongo. Kila kifaa kiwe na jina na nywila, faili la ACL liseme nani anasoma nini na nani anaandika wapi, na mawasiliano yapite kwa TLS, yaani yakiwa yamesimbwa, kwenye mlango wa 8883. Umesema ndani yake mna namba za simu za wateja. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Siku namba hizo zikivuja, usiseme mistari uliikuta mtandaoni.

Nataka malipo yasiingie mara mbili. QoS 2, ile ya ujumbe kufika mara moja tu, inatosha?

Haitoshi. Pakiti zake 4 zinahakikisha kati ya mtumaji na broka, kisha upya kati ya broka na msikilizaji. Hazijui kwamba mteja alibonyeza Lipa mara mbili, wala kwamba programu yako iliandika kwenye hifadhidata ikaanguka kabla ya kuthibitisha. Kila muamala uwe na namba yake, kama unavyoiona kwenye kila ujumbe wa M-Pesa, na hifadhidata ikatae namba iliyokwisha kuingia. Ukifanya hivyo, QoS 1 inakutosha.

shamba/tangi na /shamba/tangi ni mada moja?

Mbili. Na Shamba/tangi ni ya tatu.

Nina vifaa 12. Nihamie Kafka, ule mfumo mkubwa wa kupitisha ujumbe?

Hapana.

Nitajuaje kifaa kimekufa, au kimekaa kimya tu?

Kikiunganishwa, kiiachie broka wosia: ujumbe "hakipo" kwenye mada yake ya hali, wenye retain. Hapohapo kitume "kipo" kwenye mada hiyohiyo, nacho kwa retain. Kikipotea bila kuaga, broka hungoja mara moja na nusu ya keepalive (muda wa juu ambao kifaa kinaruhusiwa kukaa kimya), yaani sekunde 90 kama uliweka 60, kisha inautoa wosia. Kikiaga kwa DISCONNECT ya kawaida wosia hautoki, kwa hiyo kabla ya kuaga kitume "hakipo" chenyewe. Usishushe keepalive hadi sekunde 5 ili ujue mapema. Kwenye laini ya 2G utaletewa misiba ya uongo usiku kucha.